Kiapo kwa Jirani Usiyemwamini



Katika kesha la Ijumaa ya mwisho ya Juni 2025, kabla sijafungua Biblia, kijana mmoja wa kwaya aliinua mkono. Siku tano tu zilikuwa zimepita tangu ndege za Marekani ziangushe mabomu Iran, pale Fordow, Natanz na Isfahan, na kabla ya hapo Israeli ilikuwa imepiga tangu tarehe 13. Kijana akasema, "Mwalimu, si tungeanza na nyimbo za ushindi? Si hii ndiyo Uajemi ya Ezekieli 38?" Wengine wakapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Na watoto wa huko je?" Mimi nikajibu jibu la haraka la mtu anayeangalia saa, tukaendelea na maombi.

Jibu lile halikunipa usingizi. Si kwa sababu ya unabii. Mambo ya Gogu na Magogu wachungaji wetu wameyafundisha, na siku na saa aijuaye ni Baba. Kilichonisumbua ni swali dogo zaidi lililo chini ya habari zote za nyuklia ya Iran, swali ambalo mimi binafsi nina deni nalo. Ni hili: ukiwa umefanya agano na mtu usiyemwamini, je, agano hilo linakufunga?

Hebu kwanza tuelewe ugomvi wenyewe, maana wengi wetu tunausikia redioni tukiwa tunapika na haturudi kuuliza. Urani ni madini yanayochimbwa ardhini. Ndani yake sehemu inayofaa kuwashia nguvu za nyuklia haifiki hata asilimia 1. Ukitaka kuzalisha stima unairutubisha mpaka asilimia 3 hadi 5 hivi. Ukitaka bomu unaendelea mpaka karibu asilimia 90. Tatizo ni kwamba mitambo ni ile ile. Ni kama panga. Kila boma hapa kwetu lina panga, la kukatia miwa na kufyekea, na hakuna anayeshtuka. Lakini jirani uliyegombana naye akianza kulinoa usiku wa manane, mlango ukiwa umefungwa, utalala?

Iran ilitia sahihi mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia tangu 1968. Mkataba huo unawapa wanachama haki ya kutumia nyuklia kwa amani, na unawadai wafungue milango kwa wakaguzi. Lakini mwaka wa 2002 dunia ikajua kuhusu mtambo wa Natanz ambao ulikuwa haujatangazwa, na 2009 ukajulikana mwingine, Fordow, uliochimbiwa ndani ya mlima karibu na mji wa Qom. Kwa hiyo wanaosema Iran si ya kuaminiwa hawajabuni. Panga lilinolewa mlango ukiwa umefungwa. Na viongozi wake wamesema hadharani, si mara moja, kwamba Israeli haifai kuwepo. Mtu wa Israeli akisikia hayo na kukosa usingizi, mimi simlaumu.

Sasa usiseme haya ni ya mbali. Yalifika hapa kwetu.

Aprili 2010 aliyekuwa rais wa Iran, Mahmoud Ahmadinejad, alipokelewa Uganda, hapo ng'ambo tu ya Busia, kwa heshima zote za mgeni wa taifa. Uganda ilikuwa imepata mafuta na ilitafuta mtu wa kuisaidia kujenga kiwanda cha kuyasafisha. Wakati huo huo ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tarehe 9 Juni baraza likapiga kura ya kuongeza vikwazo juu ya Iran, azimio namba 1929. Nchi 12 ziliunga mkono, Brazil na Uturuki zikakataa, Lebanon haikupiga upande wowote. Uganda ilikuwa ndani ya zile 12. Wiki saba hazikuwa zimeisha tangu mgeni aage.

Nimesikia watu wakiuita huo usaliti. Mimi siuoni hivyo. Kumkaribisha mtu mezani si kumwapia. Unaweza kumpa mgeni kuku na ugali, na akikuuliza kama utamshikia mwizi mlango, ukamwambia hapana.

La kwetu Kenya ndilo linanitia aibu kidogo. Juni 2012 serikali yetu ilikubaliana na Iran kununua mafuta ghafi, tani milioni 4 kwa mwaka. Wakubwa wa dunia wakatukumbusha vikwazo vilivyokuwepo, na mwanzoni mwa Julai makubaliano yakafutwa. Wiki chache tu! Vikwazo havikuwa siri, vilikuwa magazetini. Bwana Yesu alituonya kuhusu mtu anayeanza kujenga mnara kabla ya kuketi na kuhesabu gharama. Ukiona utashindwa kutimiza, usiweke sahihi. Ukishaiweka, anayekuja kukutisha asikute kwamba neno lako ni la kufutwa kwa simu moja.

Na mwaka huo huo Tanzania nayo ilijikuta ndani. Meli za mafuta za Iran zilionekana baharini zikipeperusha bendera ya Tanzania. Kumbe wakala aliyekuwa Dubai ndiye aliyezisajili kwa jina la Zanzibar. Agosti 2012 ikatangazwa kwamba usajili wa meli 36 unafutwa. Nataja hili kwa haraka, lakini wazee wa makanisa waliotafakari: jina lenu linaweza kuwa linasafiri mahali ambapo ninyi wenyewe hamjafika.

Turudi kwenye kiapo.

Tarehe 14 Julai 2015, huko Vienna, baada ya mazungumzo ya miaka, Iran ilikubaliana na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China. Mnaukumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine: siku 10 baadaye Rais Obama alitua Nairobi, na hapa Magharibi hadi Siaya watu hawakulala kwa furaha. Serikali yake ilikuwa imetoka kukubaliana juu ya jambo hilo kubwa, na sisi tulikuwa tunauliza tu kama atafika Kogelo.

Makubaliano yenyewe yalikuwa hivi. Iran isirutubishe urani kupita asilimia 3.67. Isiweke akiba zaidi ya kilo 300. Mitambo yake ya kurutubishia, iliyokuwa karibu 19,000, ishuke mpaka kama 6,000. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki waingie, wahesabu, waweke kamera na mihuri. Kwa upande mwingine vikwazo viondolewe, Iran iuze mafuta yake na kupata pesa zake. Ukiangalia vizuri, hakuna mahali palipoandikwa kwamba hawa wanaaminiana. Mkataba uliandikwa kwa sababu hawaaminiani. Ndugu wawili wanaopendana hawahitaji mtu wa kuhesabu magunia.

Kuna wapendwa wanaosema kumkagua mtu ni kumdharau, na kwamba upendo huamini yote. Ndiyo, lakini Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu, alihakikisha wanafuatana na ndugu wengine ili pasiwe na manung'uniko juu ya pesa hizo. Ni 2 Wakorintho 8. Kama mtume alikubali kukaguliwa, mweka hazina wa chama cha kina mama anakasirika nini?

Basi wakaguzi wakaingia, na ripoti zao, moja baada ya nyingine, zikasema mipaka inafuatwa. Halafu tarehe 8 Mei 2018 rais mpya wa Marekani, Donald Trump, akaitoa nchi yake. Alikuwa na hoja zake. Mipaka mingine ingekwisha baada ya miaka kadhaa. Makombora hayakuguswa. Iran iliendelea kufadhili makundi yenye silaha. Hizo si hoja za mtu mjinga. Lakini kosa la kuvunja mipaka ya mkataba wenyewe halikuwepo. Vikwazo vikarudi. Iran ikangoja mwaka mmoja hivi, kisha kuanzia 2019 ikaanza kuvuka mstari, kidogo kidogo. Mwaka wa 2021 ikafika asilimia 60. Kabla ya vita vya Juni 2025 wakaguzi walihesabu zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Nguvu ya stima haihitaji asilimia 60, kwa hiyo hapa pia siitetei Iran. Na wale waliosema tangu mwanzo kwamba ni mwongo wakasimama na kusema: mnaona? Tuliwaambia.

Maneno hayo, "mnaona, niliwaambia," ndiyo yaliyonirudisha kwenye chemchemi ya kwetu.

Upande wa kwetu kuna chemchemi ambayo boma kadhaa huchota. Jirani yetu, mzee mmoja ambaye sitamtaja, alipanda mikaratusi karibu nayo. Alisema ni ya nguzo za stima, na kweli nguzo zina soko. Lakini kila mtu hapa anajua mkaratusi unavyokunywa maji. Baba yangu na yeye walikuwa na ugomvi wa zamani wa mpaka, na baba hakumwamini hata kidogo. Walipatanishwa mbele ya liguru. Ikaandikwa kwenye daftari, na vidole gumba vikapigwa: jirani hatapanda mti ndani ya hatua 50 kutoka kwenye maji, na sisi tutamwachia njia ya kupitisha miti yake shambani mwetu mpaka barabarani. Kila Januari liguru atakwenda na watu wawili kuhesabu.

Wakahesabu miaka mingi. Baba akafa. Mimi nikastaafu kufundisha, nikarudi nyumbani, nikaona lori la miti linapita kando ya mahindi yangu, na pua ikawasha. Nikaona baba alipunjwa. Eti kwa nini mimi nipoteze mistari minne ya mahindi kwa ajili ya mtu aliyemsumbua baba yangu? Nikamwendea liguru. Akaniambia, "Mwalimu, Januari tulihesabu. Hakuna mti ndani ya hatua 50." Nikamjibu, nakumbuka maneno yangu, "Leo hakuna, lakini namjua, nia anayo." Wiki hiyo nikanunua seng'enge nikaifunga njia.

Jirani alikuja mara mbili kuzungumza. Mara ya kwanza nilimwambia nina mkutano kanisani. Mara ya pili sikutoka nje. Msimu wa mvua uliofuata akapanda miche hatua 20 kutoka kwenye maji. Nami nikasimama kwa seng'enge yangu, mzee wa kanisa mzima, nikawaambia watu waliobeba mitungi: "Mnaona? Nilisema."

Sikuwa nimeona unabii. Nilikuwa nimeutengeneza.

Kuna agano katika Biblia ambalo huwa tunalipita haraka. Yoshua 9. Wagibeoni walisikia habari za Yeriko na Ai, wakaogopa. Wakavaa viatu vilivyoraruka, wakabeba mikate yenye ukungu na viriba vilivyotatuka, wakamwendea Yoshua wakidai wanatoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli wakakagua mikate lakini hawakumuuliza Bwana, wakaapa. Siku tatu baadaye ukweli ukajulikana: ni majirani wa hapo hapo. Mkataba ulikuwa umepatikana kwa udanganyifu mtupu. Leo wakili yeyote wa Kakamega angekuambia mkataba huo hauna nguvu. Watu wenyewe walinung'unika wakitaka vita. Lakini viongozi wakasema hawawezi kuwagusa, kwa sababu wameapa kwa jina la Bwana. Na Gibeoni ilipovamiwa na wafalme watano, Yoshua alipanda usiku kucha kwenda kuwatetea waongo wale. Hiyo ndiyo siku jua lilisimama.

Sasa ruka miaka mingi, mpaka 2 Samweli 21. Njaa miaka mitatu mfululizo. Daudi anamwuliza Bwana sababu, na anaambiwa ni kwa ajili ya Sauli, aliyewaua Wagibeoni. Andiko linatupa na nia ya Sauli: alifanya kwa bidii aliyokuwa nayo kwa ajili ya Israeli na Yuda. Msomaji, simama hapo kidogo. Hakufanya kwa wivu wala kwa rushwa. Alikuwa na bidii kwa ajili ya Israeli! Alipenda watu wake, akaona mkataba wa mababu ni mzigo, akaona waliofanyiwa hawastahili. Na Bwana aliyewachagua Israeli ndiye aliyewadai kiapo kile.

Nalisema hili kwa upole, kwa sababu sisi Wapentekoste tunaipenda Israeli, nami naipenda. Tunaiombea Yerusalemu kila Jumapili. Lakini bidii kwa Israeli haikumwokoa Sauli na deni la kiapo. Sisemi kwamba Marekani ni Sauli, au kwamba Iran ni Gibeoni. Wagibeoni walichota maji na kukata kuni, hawakujenga makombora. Nasema tu kwamba hoja ya "hawastahili" ilikwisha kujaribiwa mbele za Mungu, na haikupita.

Kuna sehemu ya sura ile nisiyoielewa, na sitajifanya. Watoto saba wa nyumba ya Sauli walitolewa wakauawa kulipia deni, na Rispa, mama wa wawili kati yao, akaketi juu ya mwamba kwa gunia, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ilipoanguka. Ninachoona ni hiki: aliyevunja alikuwa amekwisha kufa. Waliolipa ni watoto, na aliyelia ni mama. Yule mama wa kesha, aliyeuliza kuhusu watoto, alikuwa amesoma Biblia vizuri kuniliko mimi.

Na kuhusu Uajemi, kijana wangu wa kwaya, tuisome yote. Ezekieli 38 ipo. Lakini yupo pia Koreshi, mfalme wa Uajemi, ambaye Isaya anamwita mpakwa mafuta wa Bwana, aliyewaruhusu Wayahudi kurudi kujenga hekalu. Yupo Esta aliyekuwa malkia huko huko. Na sisi tunaojiita watu wa Pentekoste, tufungue Matendo 2 tuhesabu waliosikia lugha zao siku ile. Waliotajwa kwanza kabisa ni Waparthi, Wamedi na Waelami. Hao wote ni watu wa nchi tunayoiita Iran leo. Roho aliposhuka, lugha yao ilikuwa ya kwanza kwenye orodha.

Septemba 2025 vikwazo vya Umoja wa Mataifa juu ya Iran vilirudishwa. Katika mazungumzo ya Vienna ya 2021 na 2022 ya kufufua mkataba, kitu kimoja ambacho Iran ilikidai kilikuwa ni hakikisho kwamba rais mwingine wa Marekani hatakuja kujitoa tena. Marekani ikasema haiwezi kumfunga rais ajaye. Niliposikia hilo wakati ule niliona ni ukaidi tu wa Wairani.

Mwezi uliopita nilichukua koleo, nikaenda kukata ile seng'enge. Kisha nikaenda kwa jirani, maana nilijua nikikata bila kusema chochote nitakuwa nimejionyesha mwema kwa mahindi tu. Nilimkuta ameketi nje akipukuchua maharagwe. Nikamwambia, "Mzee, agano la baba nililivunja mimi. Hukuwa umekosa. Njia iko wazi."

Hakunijibu mara moja. Mkewe alileta chai. Alipomaliza kikombe akaniambia, "Mwalimu, nimekusikia. Miti ile ya hatua 20 naweza kuing'oa. Lakini wewe si kijana. Baba yako alikufa, wewe ukafunga. Wewe ukifa, huyo mwanao wa Nairobi naye si atafunga?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka tena kutoa jibu la haraka. Nilimpigia mwanangu simu usiku huo. Amesema atakuja Desemba. Liguru wa siku hizi, ambaye ni mtoto wa yule wa zamani, amesema daftari bado liko darini kwao, kama panya hawajalimaliza. Miche ya hatua 20 imeshafika kifuani, na maji ya chemchemi yamepungua; mtungi mmoja sasa unachukua muda mrefu kujaa. Ninawaomba mtuombee mwezi huo wa Desemba, mimi na jirani yangu, na mwanangu ambaye hajawahi kuapa kitu chochote kwa ajili ya shamba lile.